Waliosimamisha Gari Rhotia

Nakusalimu uliyekwisha kufika nyumbani Lemara, nakusalimu pia uliyebanana na wenzako ndani ya kifodi, mvua inapiga dirishani na konda bado anaita abiria.

Leo nakurudisha kwenye ajali moja. Mei 6, mwaka 2017, ilikuwa Jumamosi. Basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent, ya hapa kwetu Arusha, lilikuwa likiwapeleka watoto wa darasa la saba Karatu kufanya mtihani wa ujirani mwema na wenzao wa shule nyingine. Kwenye mteremko wa Rhotia, wilayani Karatu, gari likatumbukia korongoni. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wakapoteza maisha. Jumatatu yake majeneza yalipangwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na aliyekuwepo mjini siku ile hana haja ya kusimuliwa na mtu.

Lakini watoto watatu walitoka hai. Naomba leo tuwatazame waliowafikia.

Barabara ile, kama unavyojua, ndiyo ya kwenda Ngorongoro. Magari ya watalii hayakatiki. Ndani ya gari moja walikuwamo Wamarekani waliokuwa wamekuja nchini kujitolea na shirika la misaada kutoka mji wa Sioux City, jimbo la Iowa, na siku hiyo walikuwa matembezini. Walipoona kuna ajali wakasimama, wakateremka hadi korongoni kwenye matope, wakaanza kuwashika watoto mmoja mmoja kutafuta mapigo ya moyo. Wananchi wa Rhotia nao walikuwa humo humo, wakibeba watoto ambao hawakujua ni wa nani.

Yaliyofuata yalikuwa makubwa. Watoto walilazwa Hospitali ya Mount Meru, na siku nane baada ya ajali wakasafirishwa kwa ndege kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) hadi Iowa, wakiwa na mama zao, daktari na muuguzi wa Kitanzania. Walifanyiwa upasuaji, wakafundishwa upya kutembea, na mwezi Agosti wakarudi nyumbani. Ndege ile ilihitaji wafadhili, madaktari na viongozi wa nchi mbili. Kushuka korongoni kulihitaji mtu tu aliyekubali kuchafuka. Na mimi naamini, ndugu msikilizaji, kwamba bila kule kushuka korongoni, ndege ile isingekuwepo kabisa.

Ndiyo maana yananiumiza maneno tunayoambiana tukikuta mtu amelala barabarani: “Twende bwana, usije ukaingia kwenye kesi.” Hofu hiyo siidharau. Ina sababu zake. Mwenye bodaboda anafikiria maelezo ya polisi, anafikiria fomu ya polisi ya majeruhi, ile PF3, anafikiria hesabu ya bosi inayomsubiri jioni, na labda anamkumbuka mwenzake aliyemsaidia majeruhi kisha akageuziwa kibao kwamba ndiye aliyemgonga. Huyu si katili. Ameona kwamba wema kwetu una gharama, na gharama hiyo anailipa peke yake.

Hata hivyo wapo wanaosimama. Kila siku wapo. Kuna mama wa mboga anayeacha meza yake kumshika mkono mtoto wa mwenzake avuke barabara. Kuna kijana anayekuona umekwama na gari kwenye tope la masika, anavua ndala, anasukuma, kisha anaondoka kabla hujauliza jina. Kuna mtu aliyekaa kitini akatoa chupa moja ya damu, na damu ile ikamwingia mzazi aliyekuwa akivuja damu wodini, ambaye hatamjua maisha yake yote. Ukimkuta mzazi yule miaka kumi baadaye, huenda amesahau jina la daktari. Kwamba kuna mtu alimpa damu, hilo hajasahau. Sisi kwa ndugu tunadai, na ndugu anatudai. Asiyekujua hana deni kwako, ndiyo maana alichokupa hakifutiki moyoni.

Sasa nina ombi, na ninaowaomba nawataja kwa vyeo vyao. Wenyeviti wa mitaa ya kata yetu ya Lemara, na viongozi wa vijiwe vya bodaboda: waiteni watu wa Msalaba Mwekundu wawafundishe vijana wetu namna ya kuzuia damu isivuje, na namna ya kumnyanyua aliyeumia mgongo bila kumwongezea jeraha. Jeshi la Polisi, njooni kijiweni mseme kwa mdomo wenu kwamba anayempeleka majeruhi hospitali hatashikiliwa kama mtuhumiwa, na muache namba ya simu ya kupiga pale anaposumbuliwa. Na wewe unayetoka kazini usiku huu kwa gari lako, weka glovu mbili na kitambaa safi kwenye droo ya mbele.