Kodi ya Nyumba Kabla ya Kununua

Leo nataka kunena na yule aliyekwisha kuweka akiba yake, naye ataka kununua nyumba katika mji wowote wa Tanzania. Bei mmepatana; je, kodi umeihesabu?

Kodi ya majengo ni hesabu nyepesi. Tangu Agosti 2021 hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU. Kwanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya ghorofa ilipangiwa 7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa. Lakini nyumba yenye mita mbili yaweza kukatwa mara mbili, mpaka mwenyewe aende kueleza. Basi uliza mita ni ngapi.

Kodi ya pango la ardhi ndiyo yenye miiba. Hii haitazami nyumba, hutazama kiwanja: ukubwa wake, mahali kilipo, na matumizi yake. Mwalimu mwenzangu alinunua nyumba, akapendezwa na dari na madirisha. Alipokwenda kubadili jina katika hati, akaambiwa pango halikulipwa miaka sita. Muuzaji alikuwa amekwisha kuhama, na hati haihamishwi deni likiwapo. Akalipa yeye, na fedha ya mabati ya jiko ikaishia hapo.

Kwa hiyo mwambie muuzaji akuonyeshe stakabadhi ya pango ya mwaka huu, uende nayo ofisi ya ardhi wakaitazame, kabla hujampa hata shilingi moja.