Furaha Yenye Sauti: Maana ya Neno "Jubilant"

Mtu asomaye magazeti ya Kiingereza hulikuta mara nyingi neno "jubilant", hasa baada ya mchezo au uchaguzi. Wengi hulifasiri kuwa "mwenye furaha" tu. Tafsiri hiyo ni pungufu.

Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kupaza sauti kwa furaha. Mkulima wa Njoro aonaye ngano yake imestawi, akatabasamu peke yake, amefurahi. Lakini neno hili halimfai. Linawafaa watu washangiliao pamoja, kwa vifijo na vigelegele, kwa sababu wamepata ushindi. Nakuru All-Stars walipotwaa ubingwa wa ligi ya kwanza ya taifa ya kandanda mwaka 1963, ushindi wao ulikuwa wa namna hiyo. Kwa Kiswahili twaweza kusema "wenye shangwe".

Linalo ndugu yake, "exultant", litokalo katika neno la Kilatini lenye maana ya kuruka juu. Hapo ndipo pana hadhari: arukaye kwa furaha huweza kumkanyaga aliye chini.

Jambo hilo lilijulikana Nakuru mwaka ule ule wa 1963. Tarehe 12 Agosti, Jomo Kenyatta, ambaye alikuwa amekaa kifungoni na kizuizini karibu miaka tisa na sasa ni Waziri Mkuu, alikutana mjini humo na mamia ya wakulima wa Kizungu. Wengi waliogopa kwamba shangwe ya Uhuru ingegeuka kisasi. Yeye aliwaambia kwamba pande zote mbili zilikuwa na makosa, basi zisameheane, nao wabaki walime. Wakampigia makofi. Tarehe 12 Desemba Kenya ikapata Uhuru, na watu wakashangilia kwa haki.

Lakini somo hilo halikushikwa siku zote. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, wengine walishangilia na wengine walighadhibika, hali wote ni majirani; na mwezi wa Januari 2008 damu ilimwagika Nakuru na Naivasha.

Basi alitumiaye neno hili alitumie kwa ushindi wa kweli, wala si kwa kila furaha ndogo. Na ashangiliaye akumbuke kwamba mpanda ngazi hushuka, na jirani aliyeshindwa leo ndiye atakayekutana naye kesho kisimani.