Rais hachimbi kisima



Msikilizaji wetu mmoja wa Temeke ameniandikia barua fupi yenye swali refu. Anauliza: ikiwa ni kweli kwamba Marekani siku hizi ndiyo inayochimba mafuta mengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na ikiwa Rais wao ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote, kwa nini asitoe amri bei ya petroli ishuke, ili nao wapumue na sisi tupumue? Anaongeza kwamba yeye ni dereva wa teksi na hana nafasi ya maneno mengi.

Nitajitahidi, ingawa maneno ndiyo kazi yangu. Swali hilo Wamarekani wenyewe wamegombana juu yake kwa zaidi ya miaka 50, na vyama vyao viwili vikubwa, Republican na Democratic, vimeligeuza kuwa mchezo wa kuvuta kamba kila uchaguzi unapokaribia.

Chanzo cha ugomvi ni mwaka 1973. Mwezi Oktoba mwaka ule, kwa sababu ya vita kati ya Waarabu na Israel, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliinyima Marekani mafuta yao. Bei ya pipa, iliyokuwa kiasi cha dola 3, ilipanda katika miezi michache hadi karibu dola 12. Wamarekani, watu waliozoea kuendesha magari makubwa kama nyumba, wakajikuta kwenye foleni za petroli. Rais Nixon akatokea kwenye televisheni mwezi Novemba akatangaza mpango alioubatiza jina la Uhuru, akaahidi kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi yake itajitosheleza kwa nishati bila kumtegemea mgeni yeyote.

Mwaka 1980 ulifika ukapita. Wakati Nixon anatoa ahadi hiyo, Marekani ilikuwa inaagiza kutoka nje kiasi cha theluthi moja ya mafuta iliyotumia. Miaka minne baadaye, mwaka 1977, ilikuwa inaagiza karibu nusu. Visima vyake vilikuwa vimefika kilele mwaka 1970, karibu mapipa milioni 10 kwa siku, na tangu hapo vilikuwa vinateremka. Rais Carter alijaribu njia nyingine. Alivaa sweta mbele ya kamera akawaomba wananchi wapunguze moto majumbani, akaunda Wizara ya Nishati mwaka 1977, na mwaka 1979 akaweka mitambo ya nguvu ya jua juu ya paa la Ikulu. Wananchi walimchoka. Mitambo ile iliondolewa mwaka 1986, wakati wa Rais Reagan, paa lilipokuwa linatengenezwa, na haikurudishwa.

Tangu hapo kila Rais ameimba wimbo wa kujitegemea kwa sauti yake, na mafuta yakaendelea kupungua. Mwaka 2008 nchi nzima ilikuwa inatoa kiasi cha mapipa milioni 5 tu kwa siku, na mwezi Julai mwaka huo bei ilipita dola 147 kwa pipa. Ndipo kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican wajumbe wakaanza kupiga kelele ukumbini: chimba, chimba tu! Kaulimbiu hiyo imedumu. Bwana Trump aliirudia alipoapishwa Januari 20 mwaka 2025, na siku ile ile akatangaza hali ya hatari ya nishati nchini.

Sasa hapa ningependa tuende polepole, maana hapa ndipo wanasiasa wa pande zote mbili wanapowachezea watu kiini macho.

Tazama hesabu. Rais Obama, ambaye wapinzani wake walisema ni adui wa mafuta, aliingia Ikulu mwaka 2009 wakati visima viko chini kabisa. Kufikia mwaka 2015 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya mapipa milioni 9 kwa siku. Bwana Trump akaja, na mwaka 2019 yakafika milioni 12 na kidogo. Ikaja korona, yakashuka. Bwana Biden, aliyeahidi kuitoa nchi yake kwenye mafuta, aliondoka madarakani baada ya mwaka 2024 kuvunja rekodi ya historia, mapipa zaidi ya milioni 13 kwa siku. Kama Rais ndiye anayechimba, basi mpinzani wa mafuta amechimba kuliko mpenzi wa mafuta. Jambo hilo Bwana Biden mwenyewe hakupenda sana kulitangaza, kwa kuwa vijana wa chama chake wangemzomea. Na wapinzani wake hawakulitangaza pia, kwa kuwa lingewaharibia hotuba.

Aliyeongeza mafuta yale ni ufundi. Katika miaka ya 1990 mwishoni, mchimbaji mmoja wa Texas, George Mitchell, alifaulu baada ya miaka mingi ya hasara kupasua mwamba mgumu kwa maji, mchanga na kemikali zinazosukumwa kwa nguvu kubwa hadi gesi itoke. Wenzake wakachanganya ufundi huo na ule wa kukunja bomba chini kwa chini, lende mlalo ndani ya mwamba badala ya kwenda chini tu. Nchi iliyodhaniwa imekauka, kule Dakota ya Kaskazini, na Texas magharibi hadi New Mexico, ikaanza kububujika. Serikali ilichangia katika utafiti wa mwanzo, lakini hakuna Rais aliyeshika bomba.

Tena kuna jambo la sheria ambalo sisi huku tunaweza kulisahau. Kwetu mafuta na madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Taifa, hata kama yapo chini ya shamba la babu yako. Marekani mambo ni tofauti. Mwenye shamba mara nyingi ndiye mwenye kilichomo chini yake, na kampuni ikitaka kuchimba inakwenda kumpigia hodi mkulima, wanapatana, na mkulima anapokea fungu lake kila mwezi. Ardhi na bahari za Serikali Kuu hutoa kiasi cha robo tu ya mafuta yote. Robo tatu zilizobaki Rais hana ufunguo wake.

Kwenye robo ile, ndiyo, ana meno. Anaweza kupiga mnada vitalu vipya au kuacha. Bunge nalo huamua ada: tangu mwaka 1920 mchimbaji katika ardhi ya Serikali Kuu alilipa moja ya nane ya mafuta aliyopata, mwaka 2022, wakati wa Bwana Biden, ikapandishwa hadi moja ya sita, na mwaka 2025, wakati wa Bwana Trump, ikarudishwa moja ya nane. Anaweza pia kuyafanya magari yatumie mafuta kidogo au mengi, na kwa maoni yangu hapo ndipo nguvu yake ilipo kubwa kuliko kwenye visima. Lakini habari ya gari linalokwenda mbali kwa lita moja haiwezi kupigiwa kelele ukumbini.

Sasa tuje kwenye bei, ambayo ndiyo shida ya rafiki yetu wa Temeke.

Katika kampeni ya mwaka 2024 Bwana Trump aliahidi kwamba atachimba sana, na kwamba bei ya nishati itashuka kwa nusu katika muda wa mwaka mmoja, au mwaka na nusu ukizidi. Ahadi zote mbili ni tamu. Ubaya wake ni kwamba zinakulana. Kisima kimoja cha kupasua mwamba ni ghali, na hutoa mafuta mengi mwanzoni kisha hupungua haraka, kwa hiyo mchimbaji lazima atoboe kingine na kingine. Wachimbaji wa Texas na majimbo ya jirani walipoulizwa mwaka 2025 na Benki Kuu ya Marekani, tawi la Dallas, walisema kwa wastani wanahitaji kiasi cha dola 65 kwa pipa ndipo kisima kipya kilipe. Wakati wa kampeni bei ilikuwa dola sabini na kitu. Kata nusu. Nani atatoboa? Muuza samaki wa Feri akiambiwa avue zaidi na auze kwa nusu ya bei ya dizeli ya mtumbwi wake, atautia mtumbwi nanga, akalale.

Hata Bwana Trump mwenyewe aliwahi kuliona hilo. Mwaka 2018 alikuwa anazikemea nchi za OPEC kwa kupandisha bei. Lakini Aprili mwaka 2020, korona ilipowafungia watu ndani na mafuta kukosa pa kuwekwa, bei ya Marekani ilianguka siku moja hadi chini ya sifuri. Muuzaji alimlipa mnunuzi amwondolee mzigo. Kabla tu ya siku hiyo ya ajabu, Rais yuleyule alikuwa kwenye simu akizisihi Saudi Arabia na Urusi zipunguze uchimbaji ili bei ipande, na zikakubali, pamoja na wenzao, kupunguza karibu mapipa milioni 10 kwa siku. Alifanya hivyo kuwaokoa wachimbaji wake, ambao maelfu ya wafanyakazi wao walikuwa wanaachishwa kazi. Simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa kuwarudishia watu wimbo uleule wa zamani kana kwamba mwezi ule haukuwapo.

Bwana Biden naye hana la kujivunia. Alifuta kibali cha bomba la Keystone XL siku ya kwanza, akasimamisha vitalu vipya mpaka mahakama ikamzuia, kisha Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 na bei kuruka, akafungua akiba ya Taifa na kutoa mapipa milioni 180, akapanda ndege Julai hadi Jeddah kwa wafalme aliowahi kusema atawatenga. Oktoba mwaka huo wakamjibu, wao na wenzao, kwa kukubaliana kupunguza mapipa milioni 2 kwa siku. Mwaka uliofuata akaruhusu mradi mkubwa wa Willow huko Alaska. Waliompigia kura kwa ajili ya hali ya hewa walikuwa na haki ya kuuliza.

Kuna watu ambao kwao mjadala huu si wa bei ya galoni. Kaskazini mwa Alaska iko hifadhi kubwa ya wanyama, ambayo imegombewa Bungeni tangu miaka ya 1980. Clinton alizuia uchimbaji kwa kura yake ya turufu mwaka 1995, Trump na Bunge wakaruhusu mwaka 2017, Biden akafuta mikataba mwaka 2023, Trump akairudisha njia. Watu wa kabila la Gwich'in wanapinga kabisa, kwa sababu uwanda ule ndipo wanapozalia caribou, wanyama wa jamii ya kulungu wanaowapa nyama na ngozi. (Jina hilo masikioni mwetu ni kama karibisho, lakini huko mgeni hakaribishwi.) Majirani zao wa pwani, Wainupiat, viongozi wao wengi wanataka uchimbaji, maana kodi ya mafuta ndiyo iliyowajengea shule na zahanati. Wote wawili ni wenyeji, na wote wawili wana sababu. Katika hotuba za Washington huwa anatajwa yule tu anayemfaa msemaji. Na serikali ilipotangaza mnada wa vitalu vya hapo Januari 2025, haikuletwa bahasha hata moja.

Basi, ndugu yangu wa Temeke, jibu ni hili. Mafuta ya Texas yanauzwa kwa bei ya dunia hata kwa Mmarekani aliyezaliwa jirani na kisima. Kampuni inayochimba ni ya wanahisa, na itampa pipa lake anayelipa zaidi, awe Rotterdam au Korea. Tangu Desemba 2015 sheria imewaruhusu kuuza mafuta ghafi nje kwa uhuru. Na zaidi ya hayo, viwanda vingi vya kusafishia mafuta kwenye Ghuba ya Meksiko, ambayo Bwana Trump mwaka 2025 aliamuru iitwe Ghuba ya Amerika, vilijengwa kwa ajili ya mafuta mazito, ilhali ya kwenye miamba ni mepesi. Hivyo nchi inayoongoza kwa kuchimba inauza nje mapipa kiasi cha milioni 4 kwa siku na bado inaagiza zaidi ya milioni 6, mengi kutoka Canada. Ni kama mkulima wa mpunga anayeuza mchele na kununua unga, kwa sababu nyumbani kwake watu wamezoea ugali.

Sisi tunanunua kwenye soko hilohilo, kwa dola tusizozichapa, na Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri EWURA itangaze. Mwezi Juni mwaka 2022 Serikali yetu ilianza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya bei. Mwezi huohuo Mmarekani kwa mara ya kwanza alilipa wastani wa zaidi ya dola 5 kwa galoni, ambayo ni kama lita 3.8. Na mwezi huohuo visima vya nchi yake vilikuwa vinatoa mapipa zaidi ya milioni 11 kila siku.

Hadi juma lijalo, kwaherini.