Marekani na Majirani Zake: Utajiri na Maisha



Katika mazungumzo haya ya nchi jirani tumezoea kuwatazama majirani zetu wenyewe. Leo tutawatazama majirani wa wengine. Nchi yenyewe ni Marekani, na wa kulinganishwa nayo ni Kanada, iliyopakana nayo upande wa kaskazini, na Kosta Rika, nchi ndogo ya Amerika ya Kati ambayo haina mpaka nayo lakini imo katika ujirani wake. Swali letu ni jepesi kulitamka: je, mwenye mali nyingi kuliko wote ndiye pia aishiye vyema kuliko wote?

Tuanze na mali, maana hapo hapana ubishi. Pato la Marekani la mwaka 2023, likigawanywa kwa kila mtu, lilizidi dola 80,000. Kwa Kanada lilikuwa dola 53,000 hivi, na kwa Kosta Rika dola 17,000 hivi. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila ina hila yake. Mchukue jenerali na kuruti, jumlisha mishahara yao, kisha gawanya kwa mbili. Utapata mshahara ambao hakuna hata mmoja wao anayeupokea.

Ni kwa sababu hiyo mwaka 1990 mchumi wa Pakistani, Mahbub ul Haq, akisaidiwa na mawazo ya mwenzake wa India, Amartya Sen, aliuletea Umoja wa Mataifa mizani nyingine. Mizani hiyo hupima mambo matatu kwa pamoja: urefu wa maisha, elimu na kipato. Katika taarifa iliyotolewa mwaka 2025, yenye hesabu za mwaka 2023, Marekani ilikuwa ya 17. Kanada ilikuwa ya 16, nafasi moja mbele, ingawa mfuko wake ni mwembamba zaidi. Na tukiondoa kipato katika mizani hiyo na kutazama uhai peke yake, pengo hupanuka. Mtoto aliyezaliwa Marekani mwaka 2023 alitarajiwa kuishi miaka 78.4, wa Kanada miaka 81.7. Wa Kosta Rika, nchi yenye pato la kama sehemu moja ya tano ya lile la Marekani, alitarajiwa kupita miaka 80. Mwaka 2021, wakati wa janga la korona, umri huo ulishuka Marekani hadi miaka 76.4.

Msikilizaji atauliza: wamekosa hospitali? La hasha. Hakuna nchi duniani inayotumia fedha nyingi zaidi kwa tiba. Katika kila dola 100 za pato la Marekani la mwaka 2023, dola 17 na ushei zilikwenda kwa waganga, hospitali, madawa na makampuni ya bima. Kanada, kwa kila dola 100, ilitumia 12 hivi. Vyuo vikuu vya Marekani na maabara zake ndivyo vilivyotoa dawa nyingi tunazozitumia hata sisi. Tatizo liko mlangoni, si ndani ya nyumba: nani anaingia, na analipa nini akishatoka.

Jambo hili lina historia, na yafaa kuieleza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipande. Waajiri waliokuwa wakigombea wafanyakazi wakaona njia ya pembeni, yaani kuwapa bima ya matibabu badala ya nyongeza. Vita vilikwisha, utaratibu ukabaki. Mwaka 1945 Rais Truman alipendekeza bima ya taifa zima, akashindwa. Mwaka 1965, chini ya Rais Johnson, ilipitishwa sheria ya kuwatibu wazee waliotimiza miaka 65, na maskini pia. Mwaka 2010 likaongezwa kundi kubwa lingine. Hata hivyo mwaka 2023 watu wapatao milioni 26 walikuwa hawana bima yoyote. Mtu akipoteza kazi, mara nyingi hupoteza na daktari, tena katika mwezi uleule anaomhitaji zaidi.

Kanada ilikuwa na matatizo hayohayo, ikachagua njia nyingine, wala haikuwa kwa furaha ya wote. Jimbo la Saskatchewan lilipoanzisha bima ya wote Julai 1962, madaktari waligoma kwa siku 23. Serikali ya jimbo haikurudi nyuma, na mwaka 1966 Bunge la nchi nzima likapitisha sheria ya kueneza mpango huo. Leo Mkanada haoneshi pochi kwa daktari. Lakini husubiri, na wakati mwingine husubiri miezi mingi apate bingwa wa mifupa au macho. Na wapo mamilioni wasio na daktari wa familia. Anayesema Kanada ni pepo hajawahi kukaa katika foleni yake.

Sasa Kosta Rika, na hapa naomba makamanda wanivumilie. Desemba 1948, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, José Figueres alilivunja jeshi la nchi hiyo, na katiba ya mwaka 1949 ikalikataza lisiwe la kudumu. Sisemi kwamba ni mfano wa kila mtu. Nchi hubeba mipaka yake na historia yake. Ninachosema ni kwamba fedha zilikwenda mahali panapoonekana. Shirika lao la bima ya jamii lilikuwapo tangu 1941. Tangu miaka ya 1990 nchi imegawanywa katika maeneo madogo, kila moja likiwa na kikosi chake cha daktari, muuguzi na mhudumu anayezunguka nyumba kwa nyumba, akipima shinikizo la damu na kukagua chanjo za watoto kabla mtu hajaugua. Ni kazi ya doria, kwa lugha yenu. Hata hivyo amani ya mitaa imeanza kuwaponyoka: mwaka 2023 watu zaidi ya 900 waliuawa, idadi isiyopata kuonekana nchini humo, na biashara ya dawa za kulevya ndiyo inayotajwa kwanza. Polisi wake wana kazi ambayo mganga hawezi kuwafanyia.

Kwa upande wa silaha, askari polisi watatambua mara moja uzito wa hesabu hii. Makadirio ya mwaka 2017 yalionesha kwamba raia wa Marekani walikuwa na bunduki na bastola 120 kwa kila watu 100. Kanada zilikuwa 35 hivi. Askari wa Marekani anaposimamisha gari usiku, hukaribia dirisha akijua hivyo, na dereva naye anajua kuwa askari anajua. Mwaka 2022 watu 48,204 walikufa nchini humo kwa silaha za moto. Zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe.

Na jeshi je? Wizara ya Ulinzi ya Marekani yenyewe ilieleza mwaka 2022 kwamba karibu robo ya askari wake walio kazini walikuwa hawana uhakika wa chakula cha kutosha majumbani mwao. Hilo ni jeshi lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani. Sababu hazitawashangaza: vyeo vya chini, kodi za nyumba zilizopanda, na uhamisho wa mara kwa mara unaomfanya mke au mume aache kazi kila baada ya miaka miwili au mitatu na kuanza kutafuta upya katika mji asioujua.

Lakini ipo hesabu nyingine, na haki inadai isomwe pia. Mwaka 2010 askari wastaafu wasio na makazi nchini Marekani walihesabiwa kuwa zaidi ya 74,000. Serikali ikawapa wengi wao hati ya kulipiwa kodi ya nyumba, pamoja na mtumishi wa kuwafuatilia. Mwaka 2024 walikuwa wamebaki 32,882. Katika hesabu ya mwaka huohuo, watu wote wasio na makazi, wastaafu hao wakiwamo, walizidi 770,000, idadi kubwa kuliko zote tangu hesabu hiyo ianze kufanywa.