Kuhamia na Kuhamishwa: Kijiji cha Litowa katika Msamiati wa Ujamaa



Wanaisimu hulieleza neno kijiji kwa ufupi: mzizi wa mji ni wa silabi moja, hivyo katika udogishi huongezewa ji, kama ilivyo kwa mti na kijiti, mto na kijito. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Katika karne ya 20 neno hilo lilibebeshwa historia nzito, na mojawapo ya mahali pa kuisoma ni Litowa, wilayani Songea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kundi dogo la vijana wa TANU lilikwenda Litowa kufyeka pori na kulima pamoja. Jaribio la kwanza lilivunjwa na njaa; wakarudi tena. Mwaka 1963 kilizaliwa Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, ambacho Ntimbanjayo Millinga alikuwa miongoni mwa viongozi wake, na hatimaye kikaunganisha vijiji vipatavyo 17. Mkutano wa wanakijiji ndio uliopanga kazi na kugawa mapato. Shule ya Litowa nayo iliunganisha masomo na shamba.

Neno ujamaa, lenye shina jamaa kutoka Kiarabu, lilikuwa limepewa maana ya kisiasa katika insha ya Julius Nyerere ya mwaka 1962. Alipotoa Ujamaa Vijijini mwaka 1967, Litowa ilikuwa tayari inaliishi neno hilo. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Kijiji kilichojiamulia mambo yake kilikuwa kimegongana na chama kilichotaka kuamua kwa niaba ya vijiji.

Yaliyofuata yanaonekana katika sarufi. Watu wa Litowa walihamia: kitenzi kiko katika kauli ya kutendea, na mtendaji ni mkulima mwenyewe. Mwaka 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya watu walihamishwa. Hapa kauli ya kutendesha imevikwa kauli ya kutendwa. Mkulima amebaki kiima kisarufi tu, na aliyemhamisha anaweza kuachwa bila kutajwa. Mzizi ni uleule, hama. Kilichobadilika ni mwenye uamuzi.

Kwa hiyo, kamusi inayofasili ujamaa kama siasa ya nchi pekee huisahau Litowa, nayo inayoufasili kama undugu pekee huisahau amri ya 1973. Maana zote mbili zilipata kuishi katika vinywa vya wakulima. Mtafiti akusanyapo masimulizi ya wazee wa vijijini, kabla ya kuuliza walifika mwaka gani, na asikilize kwanza kitenzi wanachokitumia: kuhamia, au kuhamishwa.