Cheti chenye mabonde hakifichwi

Kila mwaka, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, wazazi hunijia na bahasha mkononi. Wanadhani mtu wa redio anajua kila mlango. Zamani maswali yao yalikuwa ya vyuo vya hapa nyumbani na mikopo. Siku hizi limeongezeka jingine: je, mtoto ambaye alama zake hupanda na kushuka kama barabara ya Lushoto anaweza kuomba nafasi katika vile vyuo vya Marekani vinavyochagua wanafunzi kwa tochi?

Mtaani mtoto huyo hupewa majibu mawili. La kwanza ni la mjomba: "Acha ndoto, wale wanataka A tupu." La pili ni la dalali mwenye ofisi ya chumba kimoja: "Lete cheti, tutakirekebisha." Mimi nasema majibu yote mawili yanampoteza mtoto, na leo naomba tuzungumze ni kwa nini.

Kwanza tujue tunazungumzia vyuo gani. Mbali na vyuo vikuu vyao vikubwa vya utafiti, Wamarekani wana vyuo vidogo vya miaka minne vinavyotoa elimu pana. Mwanafunzi haingii siku ya kwanza akiwa tayari amefungwa katika somo moja. Husoma hisabati, historia, muziki na baiolojia kwa pamoja, na kwa kawaida huchagua somo lake kuu ifikapo mwisho wa mwaka wa pili. Amherst na Williams vipo jimbo la Massachusetts, Swarthmore kipo Pennsylvania, Pomona kipo California. Kila kimoja kina wanafunzi wapatao 2,000 hivi, na katika miaka ya karibuni vimekuwa vikichukua chini ya waombaji 10 katika kila 100.

Elimu ya namna hii si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alianzia shahada yake katika chuo kidogo cha watawa mjini Atchison, jimbo la Kansas, kuanzia mwaka 1960 hadi 1964. Somo lake kuu lilikuwa baiolojia, na pembeni alisoma kemia na Kijerumani. Hiyo ndiyo elimu pana.

Sasa tuje kwenye cheti. Sisi tumezoea utaratibu wa mtihani mmoja. Ukimaliza kidato cha nne, masomo yako saba bora hujumlishwa. Ukipata pointi 7 wewe ni shujaa wa mtaa, ukipata 34 jina lako halitajwi tena mezani. Hakuna anayeuliza kama shule yako ilikuwa na mwalimu wa fizikia. Namba ndiyo mwanzo na ndiyo mwisho.

Vyuo ninavyovizungumzia husoma kwa namna nyingine. Vingi hutumia fomu ya pamoja iitwayo Common Application, iliyoanza mwaka 1975 na ambayo leo hupokelewa na vyuo zaidi ya 1,000. Pamoja na fomu hiyo huenda matokeo ya miaka minne ya sekondari, barua za walimu, taarifa ya shule yenyewe, na insha isiyozidi maneno 650. Msomaji wa maombi huangalia mwelekeo: je, alama zinapanda au zinaporomoka? Huangalia ugumu wa masomo, na huangalia mazingira: shule hii ina maabara? Mtihani wao wa SAT nao si lazima kila mahali. Chuo cha Bowdoin, jimbo la Maine, kiliacha kuulazimisha tangu mwaka 1969. Vingine vingi viliulegeza wakati wa janga la korona mwaka 2020, na baadhi vimeshaurudisha, hivyo kila chuo kiulizwe peke yake.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba alama hazina maana. Katika vyuo hivi vinne nilivyovitaja, wengi wa wanaochukuliwa wana alama za juu kabisa. Nasema tu kwamba bonde katika cheti halimfungii mtu mlango moja kwa moja, mradi bonde hilo lina maelezo na baada yake kuna mlima.

Hapo ndipo kazi yangu ya habari inaponisaidia. Tulipokuwa tunasomea stashahada, mwalimu alitukaririsha maswali: nani, nini, lini, wapi, kwa nini. Cheti hujibu manne ya kwanza. Kinasema mtoto fulani, somo fulani, mwaka fulani, shule fulani. Hakisemi kwa nini. Anayeweza kulijibu swali hilo ni mwombaji mwenyewe, na mwalimu wake.

Miaka michache iliyopita aliniijia kijana mmoja wa mtaani kwetu. Kidato cha pili alikuwa ameanguka vibaya. Kidato cha nne akapata daraja la kwanza. Kidato cha sita akapata A ya baiolojia na D ya kemia. Aliniletea insha ya kurasa tatu, yote kilio. Baba aliugua kiharusi, mama akabaki na genge, kijana akawa anauza nyanya asubuhi kabla ya shule. Yote ni kweli, naifahamu familia. Lakini ukimaliza kuisoma ulikuwa umemjua baba na mama na bei ya nyanya, na kijana mwenyewe hujamwona.

Nilimwambia hivi. Fomu ina sehemu yake ya kueleza mambo yaliyoathiri masomo. Weka humo mistari sita: baba aliugua mwezi fulani, nilikosa siku kadhaa za shule, hali ilipotulia alama zangu zilirudi, hizi hapa. Kuhusu kemia, sema kwamba darasa lilikaa mihula miwili bila mwalimu, kisha mwombe mkuu wa shule alitaje jambo hilo katika taarifa yake, maana neno la shule lina uzito kuliko lako. Basi, hapo weka nukta. Insha iache izungumze juu yako: unafikiri nini, unapenda nini, ulikuwa ukipiga vipi hesabu za faida pale gengeni. Usiombe huruma. Toa habari.

Je, kama sababu ya kuanguka ni uvivu? Wapo, tusidanganyane. Basi sema ukweli kwa kifupi, kwamba ulichezea mwaka, ukazinduka, na ushahidi wa kuzinduka kwako ni matokeo yaliyofuata. Au nyamaza. Lakini usimwugueshe shangazi mzima wa afya, wala usimzike bibi ambaye bado anachuma mchicha bustanini.

Nawe uliyeandaa pesa za dalali, nisikilize vizuri. Mwombaji huweka saini kwamba aliyoyaandika ni ya kweli. Baraza letu la Mitihani lina utaratibu wa kuthibitisha matokeo. Na hata aliyekwisha kupokelewa bado hutakiwa kupeleka matokeo yake ya mwisho. Uongo ukigundulika, nafasi hufutwa, hata kama mtoto ameshafika na anakula chakula cha chuo. Atarudi hana chuo na hana jina jema. Na shule aliyotoka itatiliwa shaka. Wadogo zake watakaoomba kesho watalipia deni la dalali.

Sasa jambo ambalo madalali hawalisemi kabisa: pesa. Gharama za mwaka mmoja katika vyuo hivi, pamoja na malazi na chakula, zimepita dola 80,000. Ipo misaada mikubwa, lakini vyuo vingi huangalia uwezo wa mgeni kulipa kabla ya kuamua kumpokea. Amherst na Bowdoin ni miongoni mwa vichache vilivyotangaza kwamba haviangalii jambo hilo kwa waombaji kutoka nje. Kwa hiyo mtoto mwenye cheti chenye mabonde, na ambaye pia anahitaji kulipiwa kila kitu, anapita katika tundu la sindano. Kijana wangu aliomba vyuo vinane. Sita vilimkataa. Kimoja kilimweka kwenye orodha ya kusubiri. Cha nane kilimpokea, lakini msaada waliompa haukutosha, akabaki. Leo anasoma shahada hapa hapa nchini.

Ndiyo maana nasema orodha isijae majina makubwa matupu. Kipo, kwa mfano, chuo cha Berea, jimbo la Kentucky, ambacho hakijamtoza mwanafunzi ada ya masomo tangu mwaka 1892, na ambako kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa juma. Hata hicho huchukua wageni wachache. Wakati huo huo peleka maombi katika vyuo vya nyumbani. Na kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza habari za viza katika ubalozi wenyewe, kwani masharti hubadilika. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza vizuizi vipya kwa nchi kadhaa za Afrika.

Liko pia jambo la muda. Vijana wetu humaliza kidato cha sita mwezi Mei. Maombi mengi ya vyuo hivi hufungwa mwanzoni mwa Januari, na masomo huanza Agosti au Septemba. Huo ni mwaka mzima na zaidi. Aliyekwenda Jeshi la Kujenga Taifa, aliyefundisha tuisheni, aliyeshika genge la mama, ana la kuandika. Aliyekaa kibarazani hana.

Ndugu msikilizaji, nimeyasema haya kwa sababu moja. Tumewafundisha watoto kuionea aibu D kiasi kwamba wako tayari kudanganya ili isionekane. Mzazi mwenye bahasha, mkalishe mwanao chini leo jioni, mwulize bila fimbo: mwaka ule, kwa nini? Kama wewe humwulizi, usitegemee kwamba atajua namna ya kumjibu mgeni aliye ng'ambo ya bahari. Na jibu hilo atalihitaji hata asipopanda ndege, siku atakapoomba kazi hapa hapa mjini.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo.