Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakukataza kuhama kazi, walitaka kwanza uukague huo msala.

Chukua karani anayependa useremala. Mchana anagonga mihuri. Jioni, nyuma ya nyumba, anashika randa, na harufu ya mninga inamrudishia uhai. Afanye nini?

Kwanza, auze stuli zake angali na mshahara, akiandika daftarini kila shilingi ya mbao, gundi, msasa na usafiri. Pili, aweke akiba ya kodi ya nyumba, chakula na ada kwa miezi sita. Tatu, akae na mwenza wake wakubaliane.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28. Kisha asajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), afike Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa ajili ya kodi, na aendelee kuchangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), kwani mfuko huo hupokea pia waliojiajiri.

Ndugu yangu, kazi unayoipenda inastahili maandalizi. Anza na stuli moja, jioni ya leo.